Mkishamwaga Kifusi, Kodi Yangu Itapanda?

Jua la saa kumi lilikuwa limeshauzunguka mwembe na kutukuta sisi tuliokaa upande wa ukuta. Mzee wetu wa mahesabu alikuwa anarudia kusoma majina ya waliochangia, kwa sauti ileile ya mwanzo, na watoto walikuwa wamegeuza viti vya plastiki tulivyoazima kanisani kuwa basi la mwendokasi. Kikao kilikuwa kimechosha. Nikauliza, kama anavyouliza kila anayetaka kufunga kikao, kama kuna mwenye neno la mwisho.

Akasimama dada mmoja anayepanga nyumba ya tatu kutoka kwangu. Wengi tunamfahamu kwa chapati zake za asubuhi pale njiapanda. Alikuwa na mtoto mgongoni, amelala.

"Shikamooni wazee wangu. Samahani mama, naomba kuuliza kitu kimoja. Hiki kifusi mkishakimwaga, magari yakaanza kushuka mpaka huku kwetu, kodi yangu itapanda?"

Watu wakacheka, maana aliuliza kwa namna ya utani. Baba mwenye nyumba wake, aliyekaa kiti cha mbele, hakucheka. Alitoa simu mfukoni akaanza kuiangalia.

Nikasema ni swali zuri, tutalijadili. Mzee akatuombea dua fupi, tukatawanyika.

Mimi nikaondoka nalo. Wiki zinapita, bado ninalo.

Yaliyotukutanisha

Msomaji wa kwetu Kimara, Dar es Salaam, hahitaji kuelezwa mvua zile. Za El Niño mwishoni mwa 2023, ambazo tulitangaziwa mapema kabisa, zilianza kulimega korongo; masika ya 2024 yakamalizia. Njia iliyokuwa inapitisha Noah ikabaki ya mtu na mzigo wake kichwani. Gari la taka likaacha kushuka. Bodaboda wakawa wanakuacha juu kabisa, kwa nauli ileile, unamalizia mwenyewe huku viatu umeshika mkononi.

Kundi letu la Wasapu lilizaliwa usiku, maji yameingia kwa bibi mmoja wa bondeni, tukatafutana wenye nguvu tukabebe magodoro. Watu walikuja. Asubuhi yake hakuna aliyetaka kulifuta kundi, na kwa kuwa mimi ndiye niliyeunganisha namba, nikajikuta naitwa mwenyekiti. Mwenyekiti wa mtaa yupo, ana ofisi na muhuri. Mimi nilikuwa na orodha ya namba za simu.

Na karibu zote zilikuwa namba za wenye nyumba. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Mwenye nyumba mwenzako unamfahamu kwa sababu mlifuatilia maji pamoja, mlichangia nguzo ya umeme, mligombania mpaka mkapatanishwa. Mpangaji unamjua kwa sura na kwa jina la mtoto wake. Anakuja na godoro juu ya kirikuu, anaondoka na godoro juu ya kirikuu, na katikati ya safari hizo mbili hakuna anayemwomba namba.

"Unachukua fomu?"

Nilitegemea kikwazo cha kwanza kiwe hela. Kikawa siasa.

Mwaka 2024 ulikuwa wa uchaguzi wa serikali za mitaa, na ukiitisha watu chini ya mti miezi michache kabla ya Novemba, nani ataamini kwamba una shida na korongo? Mama mmoja alinivuta pembeni dukani kwa Mangi, akaninong'oneza: "Mama, unachukua fomu?" Kijana wa bodaboda hakuwa na haja ya kunong'ona, aliuliza chama gani, na je, kofia zipo. Balozi wetu wa nyumba kumi, mzee ninayemheshimu sana, alikuja nyumbani, akanywa chai yote na kikombe cha pili, ndipo akasema ingekuwa vyema mambo haya yakawa yanapitia kwake.

Siwalaumu. Mtaa wa Tanzania haujawahi kuwa uwanja mtupu. TANU iliweka mfumo wa nyumba kumi kumi katikati ya miaka ya 1960, na balozi akawa ndiye anayejua nani amelala kwa nani na nani amepigana na mkewe. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992 balozi akabaki wa chama, mtaa ukawa na mwenyekiti wake wa kuchaguliwa, ila mazoea hayakuhama: anayekusanya watu lazima kuna ngazi anaipanda. Wakenya nao waliletewa Nyumba Kumi mwaka 2013 baada ya shambulio la Westgate, msingi wake ukiwa hofu ya mgeni asiyejulikana. Rwanda wana Umuganda kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na sheria inamtaka mwenye miaka 18 hadi 65 atoke. Sisi tuna Jumamosi yetu ya usafi, na wote tunakumbuka tarehe 9 Desemba 2015, Rais Magufuli alipofuta gwaride la Uhuru na kushika ufagio. Kote huko kuna mtu wa juu anayeita. Akiita jirani tu, asiye na cheo, watu wanatafuta cheo alikokificha.

Nilichofanya ni kumwomba balozi afungue vikao, na mzee mmoja wa chama kingine awe anafunga. Vikao vikawa virefu maradufu. Uchaguzi ukapita tarehe 27 Novemba, jina langu halikuwa kwenye karatasi yoyote, na kuna watu walioanza kunisalimia upya siku hiyo.

Msibani hakuna mpangaji

Kuna wanaosema watu wa Dar hatujuani. Hao nawakaribisha msibani.

Kilio kikisikika saa mbili usiku, kabla ya saa nne turubai limefungwa, viti vimefika, jiko la kuni linawaka, na kuna mwanamke anaosha sufuria kubwa ya pilau bila kuuliza ni ya nani. Daftari la rambirambi linapita, kila jina linaandikwa: elfu mbili, elfu tano, kilo mbili za sukari. Hapo hakuna anayeulizwa hati ya kiwanja. Mpangaji wa chumba kimoja anakaa mkeka mmoja na mama wa ghorofani, na akipiga kelele kwamba chumvi haijatosha, mama wa ghorofani anaongeza chumvi.

Kwa hiyo nikisikia mtu anahubiri kwamba tumekosa umoja, nachoka. Umoja tunao. Ni wa siku tatu. Maiti akishazikwa Kinondoni, au akishasafirishwa Singida au Bukoba, turubai linakunjwa, kila mtu anarudi nyuma ya ukuta wake. Mimi nilitaka kujua kama tunaweza kukaa mkeka mmoja bila mtu kufa.

Elfu ishirini

Tukakubaliana 20,000 kwa kila nyumba, ya kununua tripu za kifusi na kumlipa mtu wa greda asawazishe. Orodha ikawekwa kundini, aliyelipa anawekewa tiki ya kijani. Ukitaka kuua kundi la majirani, weka orodha yenye tiki za kijani. Waliolipa wakaanza kuwauliza wasiolipa "vipi jirani?" na wasiolipa wakaacha kuandika hata pole kwa wagonjwa. Kila mmoja aliyesimama kuchangia mawazo alianza na umoja ni nguvu, na kidole kimoja hakivunji chawa. Methali zilijaa. Hela ilikuwa inasuasua.

Hesabu iliyonifungua macho haikuwemo kwenye daftari la mzee wetu. Niliipata njiapanda nikisubiri chapati, kutoka kwa dada yuleyule, siku chache baada ya kikao cha mwembe. Alikuwa anasukuma donge, anaongea bila kuniangalia.

"Kwetu sisi tulishalipa mama. Elfu tano tano, kila chumba."

Nyumba yao ina vyumba sita.

Akaandika kwa kidole kwenye unga uliobaki ubaoni: 30,000. Halafu akaufuta kwa kiganja, akaendelea na donge lingine. Kundini, kwa jina la nyumba ile, iliingia 20,000 na tiki ya kijani, na baba mwenye nyumba alipigiwa makofi kwa kuwa mfano.

Niliondoka na chapati zangu nikiwa sijui nifanye nini na habari hiyo. Ningemuumbua mzee wa watu mbele ya mtaa? Yeye ana lake la kusema: bomba la uani lilipasuka, kodi ya jengo inakatwa kwenye umeme, mpangaji wa chumba cha nne amehama usiku na deni la luku. Huenda ile elfu kumi ilikwenda huko. Huenda haikwenda.

Kwa nini lile swali halikuwa utani

Mwaka 2017 nyumba za kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara hadi Kiluvya, zilibomolewa kupisha upanuzi. Hifadhi ya barabara ilihesabiwa mita 121.5 kutoka katikati, kila upande. Mnaokumbuka alama za X nyekundu mnajua kilio kilichokuwepo, wengine walijenga kwa pensheni. Nami nimewahi kulia na rafiki yangu mbele ya kifusi cha sebule yake.

Ila nikikaa leo nikakumbuka mazungumzo yote ya kipindi kile, yalikuwa ya wenye nyumba: nani alipwe, nani asilipwe, nani aende mahakamani. Kwenye nyumba zile kulikuwa na wapangaji. Nyingine zilikuwa na vyumba kumi na fremu za maduka mbele. Wale watu walikwenda wapi? Sijawahi kusikia mtu akiuliza, na mimi sikuuliza. Walipakia wakahama, kama tunavyotegemea mpangaji afanye.

Barabara ikaja, pana, ya njia nane, na sote tunaipenda. Baada yake madalali wakagundua kwamba sisi wa bondeni tupo. Mabango yakaanza kupigiliwa kwenye miti: chumba master, dakika tano kutoka lami. Chumba cha dakika tano kutoka lami kina bei yake, na aliyekuwa anakilipia bei ya vumbi anaombwa apishe.

Yule dada alishaiona sinema hiyo. Alihamia kwetu akitokea mtaa wa juu, ambako walimwaga kokoto, mwenye nyumba akapaka rangi na kuongeza elfu thelathini kwa mwezi. Kodi ya miezi sita kwa mkupuo, jumlisha nyongeza, jumlisha ya dalali. Kwake yeye korongo ni kero, na pia ni ukuta unaomkinga. Akichangia kulifukia anachangia kuondoka kwake.

Na mimi? Nina vyumba viwili uani. Wapangaji wangu ni fundi cherehani na kijana anayesoma chuo. Siku magari yakifika getini, dalali atanipigia na mimi. Nitapenda kujiona mtu mwema, lakini ada ya shule haijui wema.

Jumamosi ya matairi

Tripu za kifusi tulizisogeza mbele, rasmi kwa sababu hela haijatimia. Bibi wa bondeni hakuweza kusubiri, ukuta wa choo chake ulishaanza kuning'inia. Nikaandika kundini kwamba Jumamosi hatuhitaji shilingi ya mtu, tunahitaji mikono, majembe na mifuko mitupu ya salfeti. Na nikamwomba kila mwenye nyumba awaambie wapangaji wake. Kwa kuwa sikuwa na hakika kama wataambiwa, nilipita mwenyewe mlango kwa mlango, na kwa mara ya kwanza nikaandika namba za wapangaji.

Wenye nyumba walituma salamu. Wengi wao ni watu wazima, migongo inauma, wengine walikuwa kazini, sawa. Waliojaa pale korongoni saa moja asubuhi walikuwa wapangaji, na vijana wa bodaboda waliokuja kuangalia wakajikuta wamevua mashati.

Fundi wa siku alikuwa kibarua mmoja anayepanga chumba cha nyuma kabisa, mtu wa Lushoto, ambaye nilikuwa simjui hata kwa sura. Sisi tulianza kutupa matairi chakavu ya fundi pancha chini ya ukingo, yarundikane. Akatuzuia kwa upole. Akashuka, akachimba msingi mpana wa safu ya kwanza, akalaza matairi yakigusana, akasema yajazwe udongo na kushindiliwa kwa gogo, ndani ya mdomo wa tairi kabisa, maana tairi lenye hewa tumboni linaelea. Safu ya pili ikarudi nyuma nusu tairi. Ya tatu ikarudi tena. Katikati akachomeka mabingobingo aliyokwenda kuyakata mwenyewe bondeni, akatuonyesha jicho la mche liangalie juu. Salfeti za mchanga akazipanga pembeni, maji yanapokatia kona, akisema pale ndipo korongo linapoanzia kula kila mwaka, sisi tunahangaika na tumbo lake tu.

Mchana dada wa chapati alikuja na sufuria la maharage. Tulikula tumekaa juu ya matairi. Hakuna aliyesoma majina.

Mvua kubwa ya kwanza iliondoka na salfeti mbili. Matairi yalibaki.

Nyumba yangu, bei yangu

Baada ya hapo sikuweza tena kurudi kwenye kifusi kama vile hakuna kilichoulizwa. Nikaenda kwa wenye nyumba, mmoja mmoja, barazani kwao, na ombi dogo: barabara ikitengenezwa, tusiwapandishie kodi kwa mwaka mmoja wapangaji walioshika jembe au waliochangia. Wala sikutaka karatasi. Neno mbele ya kikao tu.

Wawili walikubali kabla sijamaliza. Mmoja ni mjane ambaye wapangaji wake ndio wanaompeleka hospitali usiku, akasema hiyo mbona si habari. Wengine walisema tutaona, na sote tunajua tutaona maana yake nini. Baba wa ile nyumba ya vyumba sita alinikaribisha vizuri, akaniletea soda, akanisikiliza hadi mwisho.

"Mama, nyumba yangu, bei yangu. Wewe utanipangia na mke?"

Nilijaribu kumkumbusha kwamba wapangaji wake walibeba matairi mengi kuliko nyumba yoyote. Akasema aliwaona, aliwapenda, na Mungu awabariki. Sikutaja elfu kumi. Nilikuwa nayo kwenye ncha ya ulimi muda wote wa ile soda, na bado sina uhakika kama kunyamaza kwangu kulilinda amani ya mtaa au kulimlinda yeye tu.

Mzee mmoja alinipinga kwa hoja ninayoiheshimu zaidi. Alisema mpangaji halindwi na ahadi ya mkutano wa mwembe. Mwenye nyumba akitaka kumtoa atamtoa kwa kisingizio cha ukarabati, na mimi nitakuwa nimewapa watu matumaini nisiyoweza kuyasimamia. Ni kweli. Sina muhuri. Lakini bila ahadi yoyote nitawaombaje wapangaji wafukie korongo mara ya pili?

Nilimwambia dada yule majibu yote kama yalivyo. Alisikiliza, akasema "haya mama", akaniuliza kama nimeweka jina lake kwenye kundi. Nilikuwa nimeweka.

Ajenda yao

Kundi sasa lina wapangaji wengi kuliko wenye nyumba, na limebadilika lugha. Zamani tuliongelea barabara na wezi. Siku hizi kuna mtu anauliza nani ana nafasi ya kukaa na mtoto hadi saa kumi, mwingine analalamikia luku inayoisha usiku kwa sababu chumba cha pili wanapikia umeme. Wenye nyumba watatu wamejitoa, mmoja akiaga kwa heshima, wawili kimyakimya. Balozi yupo, hajaandika chochote, anasoma kila kitu.

Na wamekuja na ajenda yao ya kwanza, ambayo sisi wa vikao vya mwembe hatukuwahi kuithubutu: vyoo. Mvua kubwa ikinyesha usiku, kuna nyumba za juu zinazotapisha vyoo. Wanafungua mfuniko au bomba la pembeni, mzigo unashuka na maji ya korongo, hauna jina wala mwenyewe. Gari la kunyonya maji machafu ni ghali, mvua ni bure. Asubuhi wa bondeni ndio wanaoupokea mlangoni, na watoto wanaukanyaga wakienda shule. Kila mtu anajua ni nyumba zipi, kwa harufu na kwa mstari kwenye udongo, na kwa miaka yote tumesalimiana nazo vizuri tu. Kijana anayesoma chuo, mpangaji wangu, amepiga picha za mistari hiyo baada ya mvua ya juzi. Anataka kuzibandika kundini. Nimemwomba asubiri kikao, wenyewe waambiwe wakiwa wamekaa.

Kikao ni Jumapili, saa kumi. Ahadi ya kodi ni ajenda ya pili, baada ya vyoo. Ndivyo walivyopanga wao, na nadhani wamepanga kwa akili. Wenye nyumba za juu wote wamepelekewa taarifa kwa mkono. Mmoja amejibu kwamba atatuma mtu.